Viganja Sita

Koplo alikuwa ameifunga kesi kabla chai ya saa nne haijaletwa. Aliandika MAMA WA KAMBO juu ya jalada kwa kalamu nyekundu, akapiga mistari miwili chini yake, kisha akaliweka faili mbele ya Inspekta kama mtu anayemwandalia mgeni chakula.

"Saa nane linakwenda kwa mwendesha mashtaka," alisema. "Bado sahihi yako tu, Afande. Hii imeiva mpaka inanukia."

Inspekta hakugusa kalamu. Kituoni walimwita Sindano. Si kwa wembamba, maana alikuwa mama mwenye mwili wake, ila kwa sababu hakuwa na maneno mengi, na machache aliyokuwa nayo yalichoma. Alifungua jalada akaanza kusoma tangu mwanzo, kidole kikitembea chini ya kila mstari, huku Koplo akishusha pumzi kwa nguvu ili asikike.

Mtoto wa kike, miaka minne. Alikufa juzi Jumatatu, alfajiri, katika wodi ya watoto. Uchafu wa vidonda vya ngozi ulikuwa umeingia kwenye damu. Alikuwa na ukurutu tangu akiwa mchanga, na mtaa mzima ulimwita Soksi kwa sababu alivalishwa soksi mikononi asijikune. Wiki moja kabla ya kufa alikuwa ameingizwa kwenye jaribio la mafuta mapya ya kutibu ukurutu, katika chumba cha utafiti cha hospitali hiyo hiyo. Alipozidiwa alikimbizwa wodini. Daktari wa wodi alimgeuza amwangalie mgongo, akaona mistari ambayo haikuwa ya ukurutu, akapiga simu polisi.

Mama yake mzazi alifariki siku ya kumzaa. Baba, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa mbali, mwezi wa pili sasa. Mtoto alibaki na mke wa baba, ambaye ni dobi.

"Dobi," Koplo alisema, kama vile neno lenyewe ni ushahidi. "Brashi ipo, mkono upo, chuki ipo. Majirani watatu wameandika kwamba hajawahi kumbeba yule mtoto hata siku moja. Mimi mke wangu akininunia hivyo naomba uhamisho."

Akatoa mfuko wa nailoni wenye brashi kubwa ya kufulia, akautikisa.

"Kunja shati," Sindano alisema.

"Shati la nani?"

"Lako. Mkono wa kushoto."

Koplo alicheka, akakunja. Sindano alitoa brashi kwenye mfuko, akaikandamiza juu ya mkono mnene wa Koplo, akaivuta mara moja kwa nguvu zake zote. Koplo aliruka na kiti.

"Afande! Mimi nina sukari, kidonda changu hakiponi upesi!"

Sindano alikuwa ameshachukua rula. Kwenye sentimita moja ya mkono wa Koplo palikuwa na mistari minne. Kisha akaivuta picha ya hospitali, ile ya mgongo wa mtoto, ambayo mpiga picha wa wodi alikuwa ameiwekea rula pembeni. Kwenye sentimita moja ya mgongo ule palikuwa na mistari tisa.

"Siyo hii," alisema.

"Basi anayo nyingine."

"Labda. Twende tukamuulize."

Mahabusu ya wanawake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la juu. Mke wa baba alikaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa. Hakuinuka. Viganja vyake vilikuwa vimekunjamana na kupauka kwa sabuni ya miaka mingi.

"Ulimpenda?" Sindano alimuuliza.

"Nani?"

"Soksi."

"Hapana," mwanamke alisema. "Andika hivyo hivyo. Sikumpenda, nilimkuta. Kutompenda mtoto wa mwenzio ni kosa la sheria gani, nifungwe leo leo?"

Koplo alimtazama Sindano kwa jicho la nilikwambia.

"Nani alikuwa akimvalisha soksi?"

"Mimi. Akijikuna usiku kitanda chote kinatikisika, mtu silali. Kesho nina shuka za watu."

"Na kumwogesha?"

"Bibi yake. Alinipiga marufuku. Alisema mikono yangu ina dawa za kufulia, nitamchoma mjukuu wake. Nikamwambia asante, umenipunguzia kazi. Mimi saa moja na nusu natoka, yeye anaingia. Tunapishana mlangoni kama walinzi."

"Uliona mgongo wake?"

Mwanamke alivuta miguu yake, akaikunja. 

"Niliuona. Nikadhani ni ule ugonjwa wake."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza," alisema. "Hilo nalo andika."

Walipotoka, bibi wa mtoto, mzaa mama, alikuwa pale pale kwenye benchi la mapokezi. Alikaa hapo tangu Jumatatu. Yeye ndiye aliyekuja mbio kumshtaki mke wa baba, na akaapa kwamba haondoki mpaka aone pingu zinakwenda mahakamani. Alikuwa mwanamke msafi, ule usafi wa wazee wanaojipenda: mtandio umekaa sawa, kucha zimekatwa, na ndani ya kandambili zake visigino laini kama vya bibi harusi. Mikononi alishika soksi moja ndogo ya njano, akiikunja na kuikunjua.

"Mwanangu," alimwambia Sindano, "yule amesema?"

"Bado, mama."

"Mbaneni. Yule si mtu. Mtoto analia yeye anapiga pasi. Mimi kila siku nilikuwa natoka kwangu kwa miguu, na magoti yangu haya, kwenda kumwogesha mjukuu wangu. Na huko hospitali kwenye dawa mpya nani alimpeleka? Mimi. Baba mtu aliacha sahihi yake tu, mengine yote nilihangaika mwenyewe. Huyo mwanamke alisema ni kupoteza muda."

"Pole sana, mama."

"Sipoi mpaka afungwe."

Koplo akamwagiza askari wa mapokezi amletee bibi chai, tena iwe na maziwa.

Chumba cha utafiti kilikuwa mwisho wa korido, mlango mweupe, kitasa kipya. Ukutani palibandikwa bango kubwa lenye visanduku arobaini. Thelathini na tisa vilipakwa rangi ya kijani. Cha mwisho kilipakwa kijani, kisha kikapigwa msalaba kwa kalamu nyeusi.

"Alikuwa namba arobaini," alisema Daktari wa utafiti, mwanaume mwenye sauti ya upole na miwani isiyo na fremu. "Wa mwisho. Tulikwama kwenye thelathini na tisa miezi miwili. Sasa tumerudi pale pale."

"Mtoto amekufa," Sindano alisema.

"Kwenye fomu tunasema amejitoa."

Koplo aligeuza shingo. "Amejitoa?"

"Fomu ndivyo ilivyo. Kuna kisanduku cha anaendelea na kisanduku cha amejitoa. Hakuna kingine. Kifo nimekiandika kwa mkono, pembeni."

Sindano alivuta kiti bila kukaribishwa. "Nieleze mtoto anaingiaje humu. Hatua moja moja, kama unamfundisha mjinga."

Daktari alieleza, na alieleza vizuri. Kwanza mzazi anasaini fomu ya ridhaa. Kisha mtoto anapimwa, kwa sababu mwenye ukurutu mdogo hachukuliwi. Kipimo ni kiganja. Kiganja kimoja pamoja na vidole vyake ni kama sehemu moja katika mia ya ngozi ya mwili mzima, kwa hiyo unahesabu ukurutu unajaza viganja vingapi. Vikiwa chini ya kumi, mtoto anarudishwa nyumbani. Anapimwa mara mbili. Baada ya kipimo cha kwanza anakaa siku kumi na nne bila dawa wala mafuta ya aina yoyote, ngozi ibaki kavu kabisa, huku mlezi akijaza daftari nyumbani, halafu anarudi kwa kipimo cha mwisho. Hapo ndipo anakubaliwa au anakataliwa, hakuna mara ya tatu.

"Soksi alipata vingapi?"

"Kipimo cha kwanza, sita. Cha pili nilipima mwenyewe. Ishirini na sita."

"Kutoka sita mpaka ishirini na sita kwa siku kumi na nne. Hukushtuka?"

"Ngozi ikinyimwa mafuta, ukurutu huchachamaa."

Sindano aliweka mezani picha mbili zilizopigwa chumbani mle mle, moja ya siku ya kwanza, moja ya siku ya pili ya kupimwa. Kwenye ya kwanza ukurutu ulikuwa shingoni, kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na kifuani. Kwenye ya pili ulikuwa umeshuka mgongo mzima mpaka mapajani, mwekundu, mistari kwa mistari.

"Na huu mgongo?"

"Watoto hujikuna, Inspekta."

"Katikati ya mgongo, na soksi mikononi?"

Daktari alivua miwani akaifuta. Sindano hakumngoja.

"Hapa begani pamebaki pazima. Tazama umbo lake. Vidole vinne kwa mbele, kidole gumba kwa nyuma. Mtu alimshika hapa asikimbie, akasugua kwingine kote. Picha hii ulipiga wewe."

"Mimi napima ngozi," Daktari alisema taratibu. "Sipimi nyumba za watu."

"Na kisanduku kimoja kilikuwa kimebaki kitupu."

Daktari alirudisha miwani usoni, akatazama bango. 

Kwenye kona ya chumba alisimama binti mmoja aliyevaa koti jeupe lililomzidi mwili. Yeye ndiye Mpimaji. Tangu wageni waingie alikuwa akipanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Kipimo cha kwanza ulifanya wewe?" Sindano alimuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Bibi alikuuliza nini?"

"Aliniuliza mjukuu wake amepata vingapi. Nikamwambia sita. Akaniuliza vinatakiwa vingapi. Nikamwambia kumi."

"Hairuhusiwi kuwaambia," Daktari alidakia.

"Alikuwa analia," binti alisema. "Akaniuliza, 'Kwa hiyo vimepungua vinne tu?' Nikamwambia ndiyo, bibi, vinne tu. Akanishukuru sana. Akanibusu mkono."

Sindano alifungua faili la mtoto. Kulikuwa na utaratibu chumbani mle, na Daktari aliueleza kwa fahari kidogo: kila kipimo, kiganja kilichotumika kinawekwa juu ya karatasi na kuzungushiwa kalamu, karatasi inabanwa kwenye faili ili mkaguzi akija ahakikishe. Karatasi zilikuwa mbili. Sindano alizichomoa, akaziweka ubavu kwa ubavu, akazitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama picha.

"Siku ile ilikuwa siku yako ya ngapi kazini?" alimuuliza Mpimaji.

"Ya pili."

"Nani alikufundisha kupima?"

Binti alimtazama Daktari. Daktari alikuwa bado anatazama bango. Polepole, kama mtu anayeficha kitu alichoiba, binti akautia mkono wake wa kulia ndani ya mfuko wa koti.

"Karatasi hizi nazichukua," Sindano alisema. "Na daftari la nyumbani."

"Lile la picha?" Daktari aliuliza. "Halina kitu. Tunawapa wasiojua kusoma. Jua ni asubuhi, mwezi ni usiku, chini yake kuna sura tatu: anayecheka, aliyenuna, anayelia. Mlezi anaweka alama tu. Bibi yule alikuwa hodari, hakuruka hata siku moja. Tuliwaambia wote, ukidanganya kwenye daftari mtoto anatolewa."

Walikaa kwenye benchi la korido, Koplo akiwa na daftari magotini, Sindano akimwangalia.

"Soma."

"Nisome nini, Afande? Ni vikatuni."

"Soma vikatuni."

Koplo alilamba kidole akafunua. "Siku ya kwanza. Usiku, analia. Asubuhi, anacheka. Sawa, maana ugonjwa huu unawasha zaidi usiku, hata mtoto wa dada yangu yuko hivyo. Siku ya pili. Usiku, analia. Asubuhi, analia. Ya tatu, asubuhi, analia. Ya nne, analia." Akafunua haraka haraka. "Asubuhi analia, analia, analia, mpaka ya kumi na nne. Ya kumi na tano..." Akakwama.

"Ya kumi na tano ni siku gani?"

"Asubuhi baada ya kipimo cha pili. Ameshakubaliwa." Koplo alifunua ukurasa. "Asubuhi, anacheka. Ya kumi na sita, anacheka. Ya kumi na saba anacheka. Halafu ya kumi na nane amenuna kutwa. Hapo nadhani homa imeanza. Kisha analia mchana na usiku. Kisha hakuna kitu."

"Mke wa baba anatoka nyumbani saa ngapi?"

"Moja na nusu. Nilithibitisha kwa wenzake kazini. Anafika wa kwanza, anafungua mlango." Koplo alifunga daftari, akaliweka kando yake taratibu kama vile lina mtu ndani. "Asubuhi hakuwepo."

"Anayemtesa mtoto kwa chuki haachi siku mtoto anapopata nafasi ya kutibiwa," Sindano alisema. "Huyu aliacha. Alikuwa na shida, na shida yake ikaisha."

Koplo aliinuka, akalichukua daftari kwa mikono miwili.

Ilipotimu saa saba kasoro, bibi aliitwa chumba cha mahojiano. Aliingia na mfuko wake wa kitambaa na soksi yake ya njano, akaketi, akatengeneza mtandio. Koplo alisimama mlangoni.

"Mama," Sindano alisema, "umekaa kwetu siku tatu na bado umenawiri. Visigino vyako unavisugua na nini?"

Bibi alishangaa, kisha akatabasamu licha ya msiba. "Aa, mwanangu. Uzee si uchafu. Naoga kwenye bomba lenu la nyuma. Brashi yangu siachani nayo, hata mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinitania kwamba nitazikwa nayo."

"Naweza kuiona?"

Aliitoa mfukoni bila wasiwasi. Ilikuwa ndogo, ya kuenea kiganjani, yenye nywele fupi ngumu zilizosongamana. Sindano aliipokea. Koplo alikuja mwenyewe, akakunja shati la mkono wa kulia bila kuambiwa, akaulaza mezani. Sindano akavuta mara moja. Koplo hakulia.

Rula ikawekwa. Sentimita moja, mistari tisa. Picha ya mgongo ikawekwa pembeni ya mkono.

Bibi aliutazama mkono, akaitazama picha, akautazama tena mkono. Tabasamu lilikuwa bado usoni kwa sababu hakuna aliyeliambia liondoke.

"Ulitumia maji gani?" Sindano aliuliza.

"Ya uvuguvugu," bibi alisema. "Sikumwagia maji ya moto. Mimi si mnyama."

"Kwa siku ngapi?"

"Alikuwa na sita. Walitaka kumi." Alizungumza kwa sauti ya kueleza, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Miaka minne, mwanangu. Miaka minne mtoto halali. Nimempaka kila kitu, nimempeleka kila mahali. Halafu dawa inapatikana, iko pale, kwenye kabati, naiona kwa macho yangu, na wananiambia ugonjwa wake ni mdogo! Mdogo! Vimepungua vinne. Nikamtafutia vinne."

"Alisemaje?"

"Nani?"

"Soksi."

Bibi aliikunja soksi ndogo, akaikunjua. "Siku ya kwanza alisema, 'Bibi, basi.' Nikamwambia bado kidogo, mjukuu wangu, ukifika kumi utapewa dawa, hutawashwa tena maisha. Alikuwa ana akili yule. Akawa ananisaidia kuhesabu. Anauma meno, anahesabu. Siku ya mwisho aliniuliza mwenyewe, 'Bibi, vimefika kumi?' Nikamwambia vimefika. Akafurahi."

Koplo aligeukia mlango.

"Na mke wa baba?" Sindano alisema. "Ulikuja hapa kwa miguu yako ukamtaja."

"Hakumpenda."

"Ulijua hakumgusa."

"Hakumpenda!" Bibi alipiga meza. "Mtu asiyempenda ndiye wa kufungwa. Mimi nilimpenda. Nilimpenda kuliko macho yangu haya. Kosa langu ni kutaka apone? Nilifanya kwa sababu ilibidi. Ilibidi, mwanangu. Wewe ungefanya nini? Walitaka kumi!"

Sindano alichukua kalamu. Aliandika maelezo kwa mkono wake, ukurasa mmoja na nusu, akayasoma kwa sauti neno kwa neno, akasogeza kidau cha wino. Bibi akaweka dole gumba. Kazi ilikuwa imekwisha. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu, na faili lilikuwa na kila kitu mwendesha mashtaka alichohitaji.

Kisha Sindano akatoa zile karatasi mbili.

Aliweka moja mbele ya bibi, ile ya kipimo cha pili. Kiganja kidogo, vidole vifupi, mstari wa kalamu ukiwa umetetemeka pale mtoto alipotikisika.

"Huu mkono unaujua?"

Uso wa bibi ulivunjika. "Wa mjukuu wangu." Aliuchukua mkono wa karatasi, akauweka shavuni.

"Daktari alipimia huo. Ndiyo kanuni. Kila mtoto anapimwa kwa kiganja chake mwenyewe, kwa sababu kiganja kinakua na mwili." Aliweka karatasi nyingine. "Huu wa siku ya kwanza."

Bibi aliutazama. Ulikuwa mkono mrefu, mpana, na kwenye kidole kimoja kalamu ilikuwa imeruka juu ya pete.

"Huu si wake," alisema. "Huu wa mtu mzima."

"Wa yule binti uliyembusu. Alikuwa mgeni kazini, hakuna aliyemfundisha. Alipima kwa mkono wake. Akapata sita."

Sindano alichukua ule mkono mdogo, akaulaza juu ya ule mkubwa. Ulikaa ndani yake na kubakiza nafasi kubwa. Akausogeza pembeni, ukaingia tena, na bado pakabaki upenyo.

"Mkono wake mmoja huu ni kama miwili na zaidi ya mjukuu wako," alisema. "Sita ya huu ni zaidi ya kumi na mbili ya Soksi. Siku ile ya kwanza, mama, kabla hujamgusa. Alikuwa ameshapita."

Nje ikasikika sauti ya askari wa mapokezi akifungua kufuli ya mahabusu.

"Yule binti," bibi alisema mwishowe, kwa sauti iliyopotea, "mtamkamata?"

"Kukosea kupima si jinai."

Sindano aliinuka akatoka. Koplo alimfuata mpaka koridoni, jalada kwapani. Alikuwa ameshakata maneno yake mekundu, na hakujua aandike nini juu yake.

"Afande," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa ameshatia dole. Ulikuwa na haja gani ya kumwambia?"

"Alisema ilibidi."

"Ni bibi kizee. Ungemwachia hilo moja aende nalo."

"Soksi naye alimwamini," Sindano alisema, akamnyang'anya kalamu, akatia sahihi.

Mke wa baba alikuwa amesimama kwenye meza ya mapokezi akipewa viatu vyake. Hakuuliza nani amepatikana. Alipoambiwa, alitazama sakafu kwa muda, akapangusa pua kwa mgongo wa mkono, mara moja tu.

"Brashi yangu iko wapi?" alisema. "Nipeni. Nina shuka za watu."

Koplo alimpa, pamoja na ule mfuko wa nailoni. Akamtazama akishuka ngazi, akamtazama mpaka akapotea getini. Kisha Sindano akarudi chumba cha mahojiano kumchukua bibi.

Bibi hakuinua kichwa. Ule mkono mkubwa wa karatasi ulikuwa umeanguka chini ya kiti. Alikuwa amevua mtandio, amefunua kifua chake na mikunjo ya viwiko vyake, pale pale ulipokuwa ukurutu wa mtoto siku ya kwanza, na alikuwa akiweka kile kiganja kidogo cha karatasi juu ya ngozi yake, anakihamisha, anakiweka tena, midomo ikihesabu. Alikuwa amefika kumi na moja, na alikuwa anaendelea.